Mwanamkasi na Wazima wa Ngamiani

Kazi ya Mwanamkasi binti Kombo haikuwa na jina mtaani. Kwenye barua ya ajira iliitwa msaidizi wa utafiti, lakini ukimwambia mtu wa Barabara ya Kumi na Mbili kwamba wewe ni msaidizi wa utafiti, atakuuliza mnatafuta nini, kimepotea lini, na kama mkikipata mtakiuza. Kwa hiyo watu wa Ngamiani walimtungia jina lao. Walimwita Bi Vichwa. Naye alilipokea kama alivyopokea mambo mengi ya dunia, yaani kwa kuyarudisha yakiwa na nyongeza: aliyemwita hivyo aliulizwa kama chake kiko sawasawa au apangiwe siku ya kuja kukipimisha.

Vichwa kweli ndivyo alivyoshika. Maabara ilikuwa Raskazone, katika nyumba ya zamani ya meneja wa mkonge, enzi ambazo mkonge ulikuwa na mameneja wa kukaa nyumba kama ile. Vyumba vya nyuma vililaza wagonjwa wachache wa akili, na sebuleni, mahali wazungu walipokuwa wakicheza dansi, paliwekwa mashine ya kupimia umeme wa ubongo. Mtu alikalishwa kwenye kiti, akabandikwa nyaya kichwani, na kalamu za mashine zikaanza kuchora milima na mabonde juu ya karatasi ndefu isiyokwisha. Dakta Fanueli, Mshambaa wa Lushoto aliyekaa Ulaya muda mrefu akisoma, alitaka kujua jambo moja tu: ubongo wa mtu anayesikia sauti zisizokuwapo na kuona njama kila pembe, una tofauti gani na ubongo wa jirani yake. Alikuwa mtu mwema, mrefu, mwenye koti jeupe hata siku ya Jumapili. Ila alikuwa hana mzaha hata wa kuazima. Ukimsimulia kichekesho, alikuuliza kilitokea mwaka gani.

Hiyo ilikuwa miaka ya shida, na sitaisimulia maana aliyeiona haihitaji simulizi na ambaye hakuiona hataamini. Ile dawa maalumu ya kunasia nyaya kichwani iliisha, na pesa za kigeni za kuagizia nyingine zilikuwa hadithi. Daktari akasema wanga na chumvi vinatosha kupitisha umeme. Mwanamkasi akasema muhogo anajua unakopatikana. Tangu siku hiyo kila asubuhi alikoroga uji mzito wa unga wa muhogo, akautia chumvi, akawapaka watu kichwani kwa kijiko. Mzee mmoja alitoka pale bila kuoshwa vizuri, na kuku wa mtaa mzima wakamsindikiza hadi kwake.

Lakini mshahara wa kazi ile ulikuwa mdogo, na sifa zake ndogo zaidi. Kilichomweka Mwanamkasi pale ni mgonjwa mmoja, Abass, mtoto wa shangazi yake Bi Samira wa Kigombe.

Abass na Mwanamkasi ni binamu, na mtu wa pwani nikishamwambia hivyo sina haja ya kuendelea. Walitaniana tangu hawajaota meno ya pili. Katika harusi za ukoo watu waliwahi viti vya mbele, na si kwa ajili ya bibi harusi. Abass alikuwa fundi baiskeli, mwembamba, mwenye maneno, na akija Ngamiani alianza kumtukana Mwanamkasi tangu mwanzo wa barabara ili mpaka afike mlangoni awe ameshapata moto. Kisha akaugua. Akaanza kuamini kwamba kengele za baiskeli za wateja wake zinapelekeana habari zake. Alizing'oa zote usiku na mchana, za wateja na za wapita njia, akazitumbukiza kisimani, na siku alipomfuata hadi msikitini mzee aliyekuja na baiskeli yake, watu walimkamata. Akasomewa, akanyweshwa kombe la aya zilizooshwa kwa maji, akapungwa pepo, na mwisho akaletwa kwa Dakta Fanueli.

Mwaka huohuo Mwanamkasi aliachika huko Pangani alikoolewa, akarudi kwao na sanduku lake. Hilo hakuna aliyelitaja mbele yake.

Dawa za daktari zilizinyamazisha kengele. Tatizo ni kwamba zilipokwisha kunyamaza, Abass naye alinyamaza. Alikaa barazani mikono mapajani. Ukimsalimu alisema hajambo, ukimuuliza zaidi alisema alhamdulillahi. Mwanamkasi alimwita kaka Abass, jina ambalo hajapata kumwita maishani. Alimuuliza kama amekula, alimtengenezea mto, alisema naye polepole kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Bi Samira akija kumtazama alisema vivyo hivyo. Na wote walirudi makwao wakiwa wameridhika kwamba wamemfanyia adabu mgonjwa wao.

Ukafika mwaka themanini na sita, na mambo yakaanza kufunguliwa. Sabuni ikaonekana dukani. Vitenge vikaonekana. Watu walisimama mbele ya maduka ya Ngamiani wakitazama tu, wasije wakanunua wakaambiwa ilikuwa makosa. Lakini dunia haifungui mlango huu bila kufunga ule: wafadhili wa maabara waliandika kwamba fedha zao sasa zinakwenda kwenye mambo mengine, na nyumba ya Raskazone ilikwisha kupata mfanyabiashara wa kuinunua. Maabara ingefungwa mwisho wa mwezi. Mgonjwa atakayeonekana amepona angekwenda kwao. Asiyepona angepakiwa kwenye gari la hospitali kubwa huko bara, na huko, kila mtu alijua, wapo watu walioingia wana nywele nyeusi wakabaki mpaka mvi.

"Na Abass?" Mwanamkasi aliuliza.

Dakta Fanueli alivua miwani. "Abass hasikii kengele tena. Lakini uso wake haujibu kitu. Ukimpa habari njema ni uleule, ukimpa mbaya ni uleule. Mtu namna hiyo siwezi kusema amepona. Nikimwachia akaharibikiwa huko kijijini, nani atajua, ikiwa hasemi?"

"Mama yake yupo."

"Mama yake anamtaka. Kaka zake wamesema bila mimi kuandika kwamba ni mzima, haingii nyumbani. Nawaelewa. Nikiona dalili ya kupona, Mwanamkasi, nitaandika siku hiyohiyo. Nionyeshe dalili."

Mwanamkasi hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kazi ya kumalizia, maana daktari alitaka kabla nyumba haijafungwa apate kundi la mwisho: kundi la wazima, la kulinganisha na wagonjwa.

Msomaji atadhani wazima ndio rahisi kupatikana. Kajaribu. Wagonjwa wanaletwa na ndugu zao. Mzima lazima akubali mwenyewe kwenda kupimwa kama ni mzima, na akishakubali, jirani ataanza kuuliza nani aliyeingiwa na shaka. Tena ilisemekana ile mashine inasoma mawazo. Wanaume wa Ngamiani wakawa hawapiti hata njia ya Raskazone, na wake zao wakawa wanauliza kama inawezekana mtu apelekwe kwa nguvu. Kilichookoa jahazi ni sabuni. Nyaya hazishiki kwenye nywele zenye mafuta ya nazi, kwa hiyo kila aliyekuja alioshwa kichwa kwa sabuni nzuri ya wafadhili, akapewa kipande cha kwenda nacho. Sabuni ilikuwa imeanza kuonekana dukani, ndiyo, lakini kuonekana si kununulika. Haukupita muda wazima wakafurika. Akili ni nywele, wanasema, kila mtu ana zake. Pale Raskazone kila mtu aliziosha kwanza.

Baada ya mashine palikuwa na mahojiano. Kwa kila aliyepimwa, Mwanamkasi alitakiwa kumtafuta mtu anayemjua tangu utotoni, amuulize juu ya tabia zake, ayalete majibu kwa daktari. "Lete kila kinachosemwa," daktari alimwagiza. "Usitie lako, usitoe lao."

Sasa, utamuuliza nani? Mama hawezi kumsema mwanawe mbele ya mtu wa ofisini. Mke hawezi kumsema mumewe, hata kama jana usiku majirani wote walimsikia akimsema. Kila nyumba aliyokwenda, Mwanamkasi alikaribishwa, akapewa maji, na akaambiwa fulani hana neno. Akisisitiza, watu walitazamana, kisha mmoja akasema, "Ngoja basi aitwe mtani wake." Na hilo lilikuwa jibu la haki kabisa, kwa sababu mwenye ruhusa ya kuzitaja aibu zako pwani hii ni mtani wako, mwingine ni mfitini. Mwanamkasi hakuona ajabu yoyote. Alivuta mkeka akangoja mtani aje.

Kwa Mzee Shaib, kinyozi wa Barabara ya Tisa, aliitwa shemeji yake, Bwana Rama, fundi saa. Bwana Rama aliketi, akasafisha koo, akauliza kama anayasema haya kwa serikali. Akaambiwa ndiyo, kwa namna fulani. Akakunja uso kama mtu aliyeitwa kushuhudia ndoa.

"Je, Mzee Shaib husema peke yake?"

"Peke yake ingekuwa afadhali. Husema na makoti yake yaliyotundikwa ukutani. Lile la kijivu lisipomjibu hununa mpaka Isha."

"Je, anaamini kwamba ana uwezo usio wa kawaida?"

"Aliniambia mwenyewe kwamba bahari hufuata mkasi wake. Akinyoa, maji yanakupwa. Akipumzika, yanajaa. Siku za sikukuu akiwa na wateja wengi, samaki hubaki mchangani."

"Je, hudhani kwamba kuna watu wanamfuata kumdhuru?"

"Hadhani. Wanamfuata kweli. Uliona alivyomnyoa yule bwana harusi wa Chumbageni?"

Mzee Shaib mwenyewe alikuwa palepale, amekaa kwenye kigoda chake, anatikisa kichwa polepole na kungoja zamu yake. Hakuna aliyecheka, maana sheria ya utani ni hiyo, anayecheka kwanza ameshindwa. Mwanamkasi aliuma ncha ya ukaya wake wa kichwani mpaka akatoka nje ya uwanja, kisha akaenda Raskazone na kuyatoa yote kama alivyoagizwa, neno kwa neno. Kwamba ulikuwa utani hakusema. Nani humweleza mtu mzima kwamba maji yanalowesha?

Akaendelea hivyo nyumba hadi nyumba. Bi Thuwaiba, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyeheshimika mji mzima, mtani wake alisema huwa anafuga jini kabatini kwa ajili ya kumkunia nazi. Sefu wa sokoni, muuza machungwa ya Muheza, anaamini Muheza haipo, machungwa yanashushwa kutoka mbinguni. Daktari alisikiliza bila kupepesa. Siku zilivyokwenda aliacha kula mchana, akawa anatembea sebuleni kutoka dirisha moja hadi jingine, na Mwanamkasi akadhani ni uchungu wa kufungiwa maabara.

Siku moja alitumwa Muheza kuwaita wazima wawili waliobaki. Aliporudi alasiri alimkuta Mzee Shaib barazani, amevaa nguo za wagonjwa, na mkononi ameshika kikombe.

"Shikamoo, Mzee Shaib. Unafanya nini hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Nimelazwa."

"Umelazwa na nani?"

"Na daktari wenu. Nilikuja kukumbushia kile kipande cha sabuni, akanishika mkono akaniuliza kama ni kweli bahari inafuata mkasi wangu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia Rama hana habari kamili. Mkasi ni kwa bahari ndogo. Bahari kuu inafuata wembe."

Angejibu nini kingine? Mtu hakanushi utani. Anayekanusha ameumia, na anayeumia amekwisha. Utani huongezewa. Mzee Shaib aliongezea kwa adabu zote, mbele ya mgeni msomi, na daktari akamtandikia kitanda.

"Njoo nikutoe hapa," Mwanamkasi alisema.

"Usiniharibie, mwanangu." Mzee Shaib alivuta kikombe karibu na kifua. "Chai yao ina sukari. Halafu watu wa hapa wameambiwa nisiudhiwe. Tangu nioe sijasikia mtu akiambiwa nisiudhiwe. Niache angalau mpaka Jumatano."

Ndani, Dakta Fanueli alikuwa ametandaza karatasi za mashine sakafuni kama mikeka ya shughuli, na macho yake yaling'aa. "Mwanamkasi, kaa chini. Tumepata jambo kubwa. Karibu wazima wako wote wana dalili. Mtaa mzima. Yule mwalimu wa chuo ana jini kabatini na anafundisha watoto kila siku. Yule wa sokoni anauza machungwa ya mji ambao haamini kama upo. Na bongo zao, tazama hapa, ziko salama kabisa. Watu hawa ni wagonjwa, na jamii yao imewabeba hawajulikani. Dunia haijapata kuona kitu kama hiki."

Mwanamkasi alianza kucheka. Alicheka kwa sababu alijaribu kutocheka. Kisha akaiona sura ya yule bwana, furaha iliyokuwa usoni mwake kama ya mtoto wa sikukuu, na kicheko kikamganda.

"Daktari, wale walikuwa watani wao."

"Watani?"

"Niliowauliza. Wote watani. Binamu, mashemeji, babu na wajukuu. Walikuwa wanatania."

Dakta Fanueli aliketi juu ya karatasi zake. Na yeye kwao ana watani, Lushoto hawakuzaliwa kwenye jiwe. Lakini kwake utani ulikuwa wa msibani, mtani aingie kaburini, adai apewe chake ndipo atoke. Hakuwahi kufikiri kwamba unaweza kupanda ngazi ukaingia kwenye sayansi.

"Nilikuambia usitie lako," alisema hatimaye.

"Sikutia."

"Hukutia. Kweli hukutia." Alijipangusa uso kwa mkono wa koti. "Umenipa mji mzima wa wendawazimu, na wote si kweli. Wiki zote hizi." Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Alisema maneno ambayo Mwanamkasi aliyapokea, maana makosa yalikuwa yake na aliyajua. Kisha daktari akanyanyua kichwa kama aliyekumbuka kitu. "Na wagonjwa? Kwao nako uliwauliza watani?"

"Ndiyo. Ndio wanaosema."

"Mbona majibu ya wagonjwa yote ni mazuri? Huyu mtulivu, huyu mpole, huyu hana neno. Abass ndiye bora kuliko wote. Nani aliyejibu kwa ajili ya Abass?"

"Mimi."

"Na wewe si mtani wake?"

"Mgonjwa hataniwi, daktari," Mwanamkasi alisema, na aliposikia alichokisema aliinuka akatoka nje bila kuaga.

Abass alikuwa barazani upande wa pili, mikono mapajani. Mwanamkasi alisimama mlangoni akamtazama. Mzee Shaib amevikwa nguo za wagonjwa na kuambiwa ni mgonjwa, na bado mji mzima ungemcheka akirudi, ungemtukana na kumpa jina jipya, naye angelala akijua yuko kwao. Na huyu? Tangu aingie hapa hakuna mtu wa damu yake aliyemtupia neno. Wamempa adabu. Wamemwita kaka, wamempunguzia sauti, wamemkubalia kila alichosema kama anavyokubaliwa maiti. Tena wa kwanza kufanya hivyo ni mimi, Mwanamkasi alijiambia, mimi mwenye mdomo.

Alikwenda akaketi karibu naye, amekusudia kumtukana hapohapo. Alifungua kinywa. Akaiona shingo yake ilivyokonda.

"Umekula, kaka Abass?"

"Alhamdulillahi."

Akajichukia. Alijaribu tena kesho yake, na kesho kutwa, na kila alipofika karibu aliishia kumuuliza kama amekula. Si rahisi. Anayedhani ni rahisi amtukane mgonjwa wake mwenyewe ajaribu. Mzee Shaib alitoka Jumatano kama alivyoahidi, amenenepa, na Bwana Rama alimngoja kwenye njia panda kumuuliza bahari itamtii nani sasa. Kicheko chao kilisikika hadi barazani. Abass hakugeuka.

Gari la bara lilikuwa lifike Ijumaa baada ya swala. Alhamisi wagonjwa walipimwa kwa mara ya mwisho, na Bi Samira alikuja kutoka Kigombe na kikapu cha nguo safi za mwanawe, akiwa hajui ni za kwendea wapi. Aliruhusiwa kukaa sebuleni ukutani. Abass alikalishwa kwenye kiti. Mwanamkasi alishika kijiko na sufuria ya uji wa muhogo, akaanza kumpaka na kumbandika nyaya, moja baada ya moja. Daktari aliwasha mashine, kalamu zikaanza kuchora.

"Afumbe macho, asitikisike," daktari alisema. "Na pawe kimya."

"Abass," Mwanamkasi alisema.

Hakusema kaka. Bi Samira aliinua macho.

"Abass, kichwa hiki ulikirithi au ulikiokota? Nimepaka vichwa vya mji mzima, hakuna kilichowahi kunimalizia sufuria ila hiki chako."

"Mwanamkasi," daktari alionya.

"Wenzako waliletwa hapa kwa ugonjwa. Wewe umekuja kwa uvivu. Uliona viraka vya baiskeli vinachosha, ukatafuta mahali pa kupikiwa."

"Wee Mwanamkasi, una nini leo?" Bi Samira alisimama. "Mtu mgonjwa huyo."

"Niache, shangazi, nakuomba." Kalamu zilikwenda vilevile, milima midogo, mabonde madogo. Uso wa Abass haukusema kitu. Basi akaingia mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kutia mguu. "Na zile kengele zako. Eti zilikuwa zinakusengenya. Kengele za Kigombe nzima, ziache shughuli zao zikuseme wewe? Una nini cha kusemwa? Mtu huna hata ndevu za kutosha."

Bi Samira alijiziba kinywa kwa kanga. Daktari alikuwa amekwisha kupeleka mkono kwenye swichi. Mwanamkasi alisimama na kijiko chake, machozi yanamlengalenga, akijua kwamba amemaliza maneno yote aliyokuwa nayo na kwamba kama amekosea, amemkosea mtu ambaye kesho anapakiwa.

Abass alifumbua macho. Alimtazama kuanzia ukaya hadi kandambili, bila haraka, kama alivyokuwa akikagua baiskeli iliyoletwa imepondeka.

"Mwanamkasi." Sauti ilikuwa na kutu.

"Abee."

"Miaka yote hii unashika vichwa vya wanaume. Unavipaka, unavipangusa. Hakuna hata mwendawazimu mmoja aliyekuposa?"

Kwanza ziliruka kalamu. Zilipanda zikagonga ukingo wa karatasi, zikachora fujo ambayo haimo katika kitabu chochote, kwa sababu Abass alikuwa anacheka, na nyaya zote zilikuwa zinacheka naye. Bi Samira alikaa chini ghafla, akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu anatukana," akaangua kilio. Mwanamkasi alikuwa amejiinamia juu ya sufuria tupu, mabega yanamruka.

Daktari alizima mashine. Alimwinamia Abass, karibu kabisa. "Unajua ulichosema?"

"Najua, daktari. Lakini si matusi. Mtazame mwenyewe, kama ungekuwa wewe ungemposa?"

Dakta Fanueli, maskini, alimtazama Mwanamkasi kwa makini kana kwamba ni swali linalostahili jibu, na hapo hata Bi Samira alicheka ndani ya machozi yake. Daktari aliandika siku hiyohiyo kama alivyoahidi. Aliandika kwamba Abass ni wa kurudi kwao, kwamba dawa zake asikose, na kwamba ndugu zake wakimwona amenyamaza wasingoje, wamlete. Jioni hiyo Abass aliondoka na mama yake kwa gari la Pangani linalopita Kigombe, amevaa zile nguo safi, na uji wa muhogo umemkaukia nyuma ya sikio.

Mwanamkasi aliwapungia mkono, akachukua baiskeli yake kurudi Ngamiani. Hakuipanda, aliikokota. Alikuwa analia. Wapita njia walimpisha na kumpa pole za chinichini, wakidhani ni kazi iliyokwisha, na yeye aliitikia ahsante. Tangu arudi kutoka Pangani na sanduku lake hakuna aliyemgusa kwa neno la kuachika kwake. Shoga zake wakiwa katika habari za waume walinyamaza akiingia. Watani wake wote walilizunguka jambo hilo kama shimo la njiani, wakamtania kwa vichwa, kwa uji, kwa kuku. Mji mzima ulikuwa umemwonea huruma, na hakujua jinsi ilivyomwelemea mpaka alipotokea mtu mmoja ambaye hakumwonea.

Alipofika Barabara ya Kumi na Mbili aliegemeza baiskeli ukutani, akajifuta uso, akaketi kizingitini kufikiri atamjibu Abass nini.